Kinasa Sauti cha Alfajiri: Mwaka Mzima wa Kuwasikiliza Ndege Madume

Nilipohamia Leicester kutoka Tanga, jambo lililonishangaza zaidi baada ya baridi ni saa za swala ya alfajiri, ambazo nyumbani karibu hazibadiliki, lakini huku Uingereza huhama mwaka mzima kama maji ya bahari yanayojaa na kupwa. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi. Mwishoni mwa Juni huchomoza saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Kwa kuwa huamka kuswali, nilianza kugundua kwamba ndege wa bustani iliyo nyuma ya nyumba nao wana kalenda yao. Kuna majuma ambayo sauti zao zilijaa chumbani hata dirisha likiwa limefungwa, na kuna majuma ambayo haikusikika hata sauti moja, ingawa mchana niliwaona ndege wale wale wakirukaruka kwenye nyasi. Nilitaka kujua mabadiliko hayo yanakwendaje, na kumbukumbu ya mtu aliyetoka usingizini si ya kutegemea. Ndipo nikanunua kinasa sauti ninachokitathmini hapa, nami nimekitumia kwa mwaka mmoja na miezi minne kabla ya kuandika neno lolote juu yake.

Vinasa sauti vya aina hii vinatengenezwa na viwanda kadhaa na vinafanana sana, kwa hiyo ninayoyasema yanahusu aina nzima ya kifaa kuliko nembo moja. Changu ni kisanduku cha plastiki ya kijani kibichi, kikubwa kidogo kuliko kiganja cha mkono, chenye maikrofoni moja iliyofunikwa kwa sponji, nafasi ya betri nne ndogo, na tundu la memori kadi. Hakina kioo wala vitufe vya maana. Hupangwa kwa programu ya simu, kisha hufungwa kwa mkanda kwenye shina la mti na kuachwa. Nilikilipia pauni 165, bila kadi na bila betri. Hiyo si bei ndogo kwa mtu anayepanga nyumba, na ni haki ya msomaji kujua anapata nini ambacho simu yake haimpi bure.

Jibu langu ni hili: anapata uwezo wa kusikia mahali pamoja, kwa namna moja, kila alfajiri, iwe mvua au theluji, hata yeye mwenyewe akiwa amelala. Kwa mtu anayetaka kuorodhesha majina ya ndege aliowasikia matembezini, kifaa hiki ni gharama isiyo na sababu. Kwa mtu anayetaka kufahamu ni kwa nini ndege dume aliyenyamaza Desemba anaimba kwa nguvu Aprili na kunyamaza tena Julai, sijaona kifaa kingine cha bei hii kinachokaribia kumfaa.

Sifa moja ndiyo inayobeba thamani yote, na mnunuzi aiulizie kabla ya kulipa: je, kifaa kinaweza kujipanga kwa kufuata mapambazuko badala ya saa ya ukutani? Vinasa sauti vya bei rahisi huanza kunasa saa ile ile kila siku. Katika nchi za ikweta jambo hilo lisingekuwa na madhara makubwa. Huku, kinasa sauti kilichopangwa kuanza saa kumi na moja alfajiri kitanasa giza tupu mwezi Januari, na mwezi Juni kitaamka wakati waimbaji wakubwa wameshamaliza sehemu bora ya wimbo wao, kwa sababu wakati huo huanza kabla ya saa kumi. Changu hupewa latitudo na longitudo ya mahali, kisha hujikokotolea chenyewe wakati wa jua kuchomoza kwa kila tarehe. Nimekipanga kianze saa moja na nusu kabla ya jua na kiache saa moja baada yake. Hivyo alfajiri ya Februari na alfajiri ya Mei zinaweza kulinganishwa kwa haki, dakika kwa dakika, na huo ndio msingi wa kila ninachokieleza hapa chini.

Nianze na Januari, kwa sababu ndiko kifaa kilikoanza kujilipia. Asubuhi moja yenye sakitu niliitoa kadi huku barafu nyembamba ikiwa imegandia kwenye kifuniko, nikaingia ndani, nikavaa hedifoni. Kwa zaidi ya nusu saa hapakuwa na kitu ila magari ya mbali. Kisha, karibu kabisa na maikrofoni, nikasikia sauti ya chini mno, kama mtu anayejisemea akiwa anatafuta funguo: vipande vya wimbo visivyokamilika, vilivyorudiwa na kuachwa njiani, bila nguvu hata kidogo. Alikuwa ni Turdus merula, yule ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano wa ukoo wa kuruwiji, ambaye Aprili huimba juu ya paa kwa sauti inayosikika mitaa mitatu. Ndege huyo hujizoeza kwa sauti ya chini hivi majuma kadhaa kabla ya kuimba hadharani. Nikiwa dirishani nisingemsikia kamwe. Maikrofoni iliyokaa mita mbili kutoka kwenye kichaka chake ilimsikia, na kuanzia siku hiyo nikaweza kumfuata, wiki hadi wiki, mpaka wimbo wake ulipokamilika mwanzoni mwa Machi.

Kinachomsukuma si joto kwanza, bali ni urefu wa mchana. Mwanga hupenya fuvu la ndege na kufikia seli maalumu zilizo ndani ya ubongo, na mchana unapozidi urefu fulani ubongo huamuru homoni za uzazi zianze kutolewa. Korodani za dume, ambazo wakati wa baridi husinyaa mpaka karibu zisionekane, hukua mara nyingi kupita ukubwa wake wa awali, na homoni ya testosteroni inayotoka humo huurudia ubongo na kuziamsha sehemu zinazoongoza wimbo. Mwaka 1981 mtafiti Fernando Nottebohm, aliyefanya kazi New York, alionyesha kwamba katika kanari madume sehemu hizo za ubongo huwa kubwa zaidi kwa mbali wakati wa majira ya kuchipua kuliko wakati wa vuli, yaani ndege hujenga na kubomoa sehemu ya ubongo wake kila mwaka kwa ajili ya kuimba. Baada ya kuyafahamu hayo sikuweza tena kuyasikia yale manung'uniko ya Januari kama kelele za ndege aliyeona baridi. Nilisikia chombo kinachoundwa upya.

Mwezi Machi ndio ulioniletea hasara yangu kubwa ya mwaka wa kwanza, na kosa lilikuwa la muundo wa kifaa. Jumapili ya mwisho wa Machi saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja. Kifaa kilikuwa kinakokotoa mapambazuko sawasawa, lakini niliposafisha kadi siku ile simu yangu ilikitumia saa mpya, nacho kikaichukua bila kurekebisha hesabu yake, kikaanza na kuacha kunasa mapema kwa saa nzima. Nilikuja kugundua siku tisa baadaye. Siku hizo tisa ndizo kindege mmoja wa kijani-manjano arudiye mapema kutoka kusini, ambaye wimbo wake ni silabi mbili tu zinazopishana, chif-chaf, chif-chaf, alikuwa amewasili mtaani kwetu, na wimbo wake wa kwanza wa mwaka nimeukosa. Dawa ni kuweka kifaa katika saa za Greenwich mwaka mzima na kutoruhusu simu ikiguse. Maelezo yaliyokuja na kifaa hayasemi lolote juu ya jambo hili, na naona ni uzembe, kwa sababu wanaonunua kifaa cha kunasa alfajiri wote watakutana nalo.

Sasa nifike Aprili, mahali ambapo ningeweza kuandika kurasa nyingi zaidi ya hizi. Kwenye ukuta wa jirani kuna tundu ambamo huzaliana jozi ya Parus major, ndege mwenye kichwa cheusi na mashavu meupe. Hapa nyumbani Leicester tumezoea kumwita Mashavu, nami nitaendelea hivyo. Dume wa jozi hiyo ana wimbo rahisi, sauti mbili zinazopishana kama pampu ya baiskeli, lakini hakuna ndege aliyenifundisha zaidi juu ya majira. Februari aliimba kwa vipindi vifupi mchana, na alfajiri kidogo tu. Katikati ya Aprili, ghafla, spektrogramu ya kila alfajiri, yaani picha inayochora sauti, ikajaa mistari yake kutoka gizani mpaka jua kukaribia kuchomoza, mfululizo bila kupumzika, kisha inakatika kama kamba iliyokatwa kwa kisu. Mwanzoni nilidhani kadi imejaa. Nilipokaa nje asubuhi mbili na blanketi mabegani niliona sababu: dume alikuwa anaimba karibu na tundu wakati jike bado amelala ndani, na mara jike alipochomoza kichwa na kuruka nje, dume aliacha wimbo na kumfuata.

Mtafiti Ruth Mace aliliandika jambo hili mwaka 1987, akaonyesha kwamba uimbaji wa alfajiri wa ndege huyu unaambatana na siku ambazo mayai ya jike yanaweza kurutubishwa. Jike hutaga yai moja kila asubuhi kwa siku kadhaa mfululizo, na siku hizo ndizo dume ana sababu kubwa kuliko zote ya kuwa karibu na kusikika. Rekodi zangu zilifuata maelezo hayo kwa namna iliyonisisimua. Jike alipomaliza kutaga na kuanza kuatamia, kwaya ya alfajiri ya dume wake ilipungua ndani ya siku chache mpaka ikabaki vipande vifupi, ingawa jirani zake, ambao majike wao walichelewa, waliendelea. Mtu akisikiliza mtaa mzima kwa pamoja huona kilele kimoja kirefu cha Aprili na Mei. Kinasa sauti kilichokaa kwenye mti mmoja kinaonyesha kwamba kilele hicho kimeshonwa kutokana na vilele vifupi vya madume wengi, kila mmoja akifuata mayai ya jike wake.

Hata hivyo wimbo hauna kazi hiyo moja tu. Katika msitu wa Wytham, karibu na Oxford, ambako ndege hawa wamechunguzwa tangu 1947, mtafiti John Krebs aliwaondoa madume kwenye himaya zao miaka ya 1970, akaweka spika zinazotoa nyimbo zao katika baadhi ya himaya na kuacha nyingine kimya. Himaya za kimya zilivamiwa upesi. Zile zenye sauti zilikaa muda mrefu zaidi bila mgeni. Kwa hiyo dume anayeimba alfajiri humwambia jike neno na jirani neno lingine kwa wimbo ule ule, na uzito wa maneno hayo hubadilika kadiri majira yanavyosonga. Februari na Machi wimbo huhusu zaidi mipaka. Aprili huhusu zaidi jike.

Hapa ndipo penye upungufu mkubwa wa kifaa, ambao tangazo la dukani halitausema: kinasikia wimbo, hakimwoni mwimbaji. Hakiwezi kueleza kama dume anayeimba ana mwenza au hana, kama ni yule wa jana au mgeni, wala kama ni dume kweli. Hili la mwisho nililipata kwa robini, Erithacus rubecula, yule mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Yeye huimba karibu miezi yote, na rekodi zangu za Oktoba zimejaa sauti yake nyembamba yenye huzuni. Nilikuwa nimeziandika zote kwenye daftari kama nyimbo za dume, mpaka nilipojifunza kwamba wakati wa vuli na baridi robini jike naye hushika himaya yake peke yake na kuimba kuilinda. Nilifuta miezi miwili ya hesabu. Anayenunua kifaa hiki anunue pia subira ya kukaa nje na darubini, la sivyo atakuwa na mafaili mengi na maelezo ya uongo.

Kuhusu utambuzi wa sauti, kifaa chenyewe hakitambui chochote, hurekodi tu. Mafaili hupelekwa kwenye programu za kompyuta au simu. Maabara ya Ornitholojia (elimu ya ndege) ya Cornell, Marekani, inatoa Merlin bila malipo, na pia imeshirikiana na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chemnitz, Ujerumani, kuunda BirdNET, ambayo huikata rekodi katika vipande vya sekunde tatu na kukisia kila kipande kina ndege gani kwa kiwango gani cha uhakika. Programu za namna hii zimewafungulia mlango watu wengi wasio wataalamu, nami ni mmoja wao. Lakini kisio ni kisio. Programu moja ya kulipia niliyoijaribu iliniandikia kwamba Januari kulikuwa na yule ndege aliyesifiwa mno katika mashairi ya Ulaya kwa kuimba usiku, wakati ndege huyo wa Uingereza mwezi huo huwa Afrika Magharibi. Niliposikiliza, alikuwa robini aliyeimba chini ya taa ya barabarani. Kosa hilo lingeweza kuharibu picha nzima ya majira, kwa sababu swali la majira ni nani anaimba lini, na jibu moja lisilowezekana likipita bila kukaguliwa huvuta mengine.

Taa hiyo ya barabarani inastahili neno zaidi, maana inahusu mahali pa kutundika kifaa. Miezi miwili ya mwanzo nilikiweka upande wa mbele wa nyumba, mita chache kutoka kwenye nguzo ya taa, na nikashangaa jinsi ndege wangu walivyowahi kuliko ilivyoandikwa popote. Utafiti uliofanywa karibu na Vienna na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba madume wa spishi nne kati ya tano zilizochunguzwa huanza kuimba mapema zaidi wanapokaa karibu na taa za barabarani. Mjini Sheffield nako, mwaka 2007, watafiti walionyesha kwamba robini huimba usiku zaidi mahali penye kelele nyingi mchana. Kwa hiyo aliyefunga kinasa sauti chini ya nguzo anapima taa na magari zaidi ya majira. Nilikihamishia bustani ya nyuma, penye giza la kutosha, na tangu hapo mpangilio wa waanzao ukawa ule unaofahamika: kuruwiji mweusi na robini kwanza, wengine wakifuata kadiri mwanga unavyoongezeka, ndege wenye macho makubwa kwa kulinganisha na miili yao wakitangulia kwa kuwa wanaona mapema.

Ubora wa sauti ni mzuri kupita nilivyotarajia. Nyimbo nyingi za ndege hawa ziko kati ya kilohezi 1 na 8, na kifaa hunasa vizuri kabisa katika masafa hayo. Mvumo wake wenyewe ni mdogo kiasi kwamba yale manung'uniko ya Januari yalisikika. Upepo hukishinda, sponji iliyokuja nacho ni nyembamba, na mwezi Mei kindi aliitafuna mpaka ikabaki nusu. Nilitengeneza nyingine kwa sponji ya kuoshea vyombo iliyofungwa kwa waya wa kuku, na imefanya kazi bora kuliko ya kiwandani.

Juu ya gharama za kuendesha, msomaji apige hesabu kabla. Kwa kiwango cha sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, saa moja ya sauti huchukua takriban megabaiti 346, kwa hiyo saa mbili na nusu za kila alfajiri ni kama megabaiti 864, na kadi ya gigabaiti 64 hujaa kwa siku 74 hivi. Nilipunguza hadi sampuli 32,000, ambazo zinawatosha ndege wote wa mtaani kwetu, na kadi ile ile sasa huchukua zaidi ya siku 100. Betri za kawaida za alkali zilizimika katika baridi ya Januari baada ya siku chache. Za lithiamu ni ghali lakini zilidumu majuma sita. Kifuniko ndicho sehemu dhaifu. Kishikizo chake kilivunjika mwezi wa tano, maji yakaingia, na duka lililoniuzia lilichukua majuma matano kuniletea kingine, tena mara ya kwanza wakaleta cha mtindo tofauti. Katika kazi inayofuata majira majuma matano hayarudi, na kwa hiyo namshauri mnunuzi aagize kifuniko cha akiba siku ile ile anayonunua kifaa.

Kuna jambo la adabu pia. Maikrofoni haichagui, nayo hunasa jirani anayezungumza na simu bustanini kama inavyonasa ndege. Nilikwenda kwa bibi wa nyumba ya pili, nikamweleza kifaa ni cha nini, nikakigeuza kielekee kwenye vichaka, na nikamwahidi kwamba chochote cha wanadamu kitafutwa. Alikubali, na mwezi wa sita akaanza kuniuliza habari za Mashavu.

Julai iliyofuata niliamini kifaa kimeharibika. Faili baada ya faili lilikuwa na njiwa, matone ya mvua, na mlio mfupi wa onyo wa kuruwiji mweusi, lakini hakuna wimbo. Kifaa kilikuwa kizima. Kuanzia mwishoni mwa Juni madume huacha kuimba mmoja mmoja: mwili huacha kuitikia mchana mrefu ingawa mchana bado ni mrefu, korodani husinyaa, na ndege huingia katika kazi nzito ya kubadilisha manyoya yote, wakati ambapo kujitangaza ni hatari na hakuna jike wa kumwimbia. Ukimya huo wa Julai na Agosti ni sehemu ya maana sana ya rekodi, na ndiyo sehemu ambayo msikilizaji wa kawaida huiruka, kwa kuwa hakuna anayeamka saa kumi kusikiliza pasipo na kitu. Kinasa sauti huamka. Mwezi wa tisa, kwenye faili la asubuhi yenye ukungu, robini alirudi, na mimi nilikuwa na kila siku iliyokuwa kati ya wimbo wake wa mwisho na huo.

Februari ya mwaka huu nilikibeba kifaa hadi kijijini kwetu karibu na Korogwe, nikakifunga kwenye mwembe wa shangazi kwa majuma matatu. Hapo ile sifa kuu ya kufuata mapambazuko haikuwa na kazi kubwa, kwa kuwa saa ya jua kuchomoza hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Ndege wa kwetu hufuata zaidi mvua, wengi wakianza shughuli za kuzaa kuelekea masika au vuli, na kwa hiyo kalenda ya nyimbo zao huyumba na mawingu. Kilichonasa vizuri mno ni kurumbiza wa nyusi nyeupe, Cossypha heuglini, ambaye huanza kwa sauti ya chini na kuipandisha hatua kwa hatua mpaka ijae uani, naye jike akiingia kati kwa sauti yake nyembamba ya juu. Nilipomchezea shangazi rekodi hiyo alisema, "Baba, huyo mbona tunamsikia kila siku kabla ya adhana; wewe umelipa pesa kwa hilo?" Nikamwonyesha kwenye spektrogramu mahali sauti ya pili inapoingia, akanyamaza, akaomba arudie kusikiliza, mara tatu. Alikuwa amemsikia maisha yake yote kama ndege mmoja. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya spishi zilizochunguzwa, na nadhani sisi tuliokulia na kurumbiza na tiva wanaoimba wawili wawili tunapaswa kuwa wa mwisho kushangaa.

Siku chache kabla ya kurudi, kadi iliniletea zawadi ambayo sikuitafuta. Kati ya kurumbiza na jogoo wa jirani kulikuwa na wimbo mfupi unaoteremka kama maji kwenye ngazi, uliopunguzwa nguvu lakini kamili: Phylloscopus trochilus, kindege cha kijani-manjano ambacho nimekisikia Leicester kila Aprili. Wanaokaa Korogwe wakati wa baridi ya Ulaya hutoka zaidi Skandinavia na Urusi. Wale wa Uingereza hukaa Afrika Magharibi. Hata hivyo dume huyo alikuwa ameanza kulinoa koo lake juu ya mwembe wa shangazi, huku safari ya kwenda kaskazini ikiwa bado mbele yake. Kuna mwingine wa vinamasi vya Ulaya, Acrocephalus palustris, ambaye hupita Ngulia, katika Tsavo Magharibi, Novemba na Desemba, mahali ambapo ndege wahamaji wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha mwaka 1979 kwamba dume mmoja wa ndege huyo huiga kwa wastani nyimbo na milio ya spishi 76, zaidi ya nusu yake zikiwa za Afrika. Mkulima wa Ubelgiji husikia ndege wa kwetu mwezi Juni bila kujua.

Kwa mwenye nia ya kununua, ushauri wangu wa mwisho ni wa tarehe. Maduka hutangaza vifaa hivi Aprili na mapema Mei, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya Mei watu hukusanyika kuadhimisha siku ya kimataifa ya kwaya ya alfajiri, na bei hupanda kidogo. Mei kila kitu kimeshaanza. Kinunuliwe Desemba, kifungwe mtini kabla ya mwaka kugeuka, na kipangwe katika saa za Greenwich, ili kikute kuruwiji mweusi akiwa bado anajisemea gizani.